Kikohozi cha Lesieli

Visiwa vyote vya Tonga vilizijua nyimbo za mapenzi za Siosaia, isipokuwa dada yake. Lesieli alikuwa mtu wa adabu zake. Kwa desturi ya kwao, kaka na dada hawasikilizi maneno ya mahaba pamoja, basi, na kaka alipopiga gitaa barazani na wenzake, yeye alichukua nyundo yake ya mbao akaenda nyuma ya nyumba kugonga magome ya kutengenezea nguo, kwa nguvu, asisikie hata neno. Akitaka kupita, alikohoa kwanza. Wimbo ukianza redioni, alizima. Hivyo hivyo mpaka akaota mvi, na Siosaia akafia Auckland, na dada mtu hajui kaka yake aliwaliza watu kwa kitu gani. Lilimuuma hilo, tena sana.

Baada ya mazishi, Kalolaine, binti wa Lesieli, akaja na santuri mpya: nyimbo za Siosaia ambazo hazikuwahi kutoka, za watu wengine alizoziimba kwa mtindo wake, na mazoezi yaliyookotwa kwenye kanda za zamani.

"Mama, leo utasikiliza. Mjomba hayupo tena."

"Kwani kufa kunaondoa heshima?"

"Basi nitairudisha."

"Nani kakwambia urudishe?" Lesieli alikuja juu. Kisha akamgeukia Tevita, binamu yake, ambaye kwa desturi yao naye ni kaka, aliyekuwa akila majimbi yake kwa raha. "Wewe, toka."

"Na mvua hii, dada?"

"Hutayeyuka."

Tevita akabeba sahani yake kwenda upenuni, akinung'unika kwamba Siosaia hata akiwa kaburini anamfukuza mezani.

Nyimbo zikapigwa. Lesieli alikaa ameinamisha kichwa, mkeka wa msiba, ule wanaojifunga wafiwa, ungali kiunoni. Sauti ilikuwa laini, ya kubembeleza, ya mwanamume asiyemjua. Aibu ikampanda. Alikuwa karibu kusema izimwe.

Ndipo yakaja mazoezi ya barazani. Siosaia alikuwa katikati ya mstari wa mahaba, na kwa mbali mtu akakohoa. Gitaa likakatika. Papo hapo Siosaia akaingia kwenye wimbo wa kanisani, wenzake wakamfuata huku wakichekacheka.

"Hapa hata waliotengeneza santuri hawakuelewa," Kalolaine alisema. "Walidhani kanda imeharibika."

Lesieli alielewa. Kikohozi kilikuwa chake. Na sasa, nyuma ya gitaa, alijisikia mwenyewe, msichana, akiimba sauti ya pili huku akipita na ndoo inayolialia, bila habari kwamba anarekodiwa. Ubeti ukaisha, hatua zikafifia kuelekea nyuma ya nyumba.

"Amekwenda," mmoja wa wenzake akasema. "Turudi kwenye wetu."

"Ngoja kidogo," Siosaia akajibu. "Labda atarudi. Mwimbaji wa nyumba hii ni yule, mimi napiga kelele tu."

Lesieli alilia bila kujificha. Miaka yote ile alikimbilia nyuma kugonga magome, kumbe kaka yake alikuwa akimngoja arudi.

Alipojifuta machozi, alikwenda mlangoni.

"Tevita, ingia. Huu ni wa kanisani, tutausikiliza wote."

"Nimeshalowa, sina haja."

"Ingia, nakwambia!"

Kalolaine akarudisha nyuma, akaishia pale pale kwenye kikohozi. Siosaia alipoanza, Lesieli aliingia na sauti ya pili, kavu na ya kizee, na safari hii ubeti ulipoisha alikuwa bado yupo.