Tarumbeta Mbili za Koridoni

Enzi zetu pale Mchafukoge, watu walikuwa wanaongea. Nyie wa siku hizi mnatumiana sauti kwenye simu: mmoja anasema peke yake chooni, mwenzake anamsikiliza kesho, tena kaiharakisha. Halafu mnasema mmeongea!

Mama yangu, Mchagga aliyeuza vitenge Kariakoo, akishafunga duka alipanda ghorofani na kukaa koridoni na jirani yetu wa Kihindu, Mama Nilesh. Mlango wao ulitoa harufu ya bizari, wetu harufu ya ndizi na nyama, na mama zetu wawili katikati wanachagua mchele na kusengenya mtaa mzima. Mama hakuendelea na habari mpaka aitikiwe "Ehe." Alikuwa anatuambia, "Kuongea bila kuitikiwa ni wazimu."

Mimi na kaka yangu Elisante tulikuwa tunapiga tarumbeta kanisani. Siku moja tukaamua kuyatungia muziki mazungumzo yale, tarumbeta mbili tu, bila ngoma. Mimi niwe mama, yeye awe Mama Nilesh. Mara ya kwanza tulipiga kwa zamu, kwa adabu, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Mama akashika kiuno.

"Hayo ni maswali ya polisi! Sisi tunaongea hivyo?"

Tukarudi koridoni kusikiliza upya. Kumbe Mama Nilesh alikuwa anaingia kabla mama hajamaliza, sauti zinapanda pamoja, "Wee!", "Haki ya nani!", kisha zinaangukia kwenye kicheko. Tukatunga hivyo hivyo. Tulipowapigia, Mama Nilesh alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la sari.

"Siku nikifa mnipigie huo," mama akasema. "Nyimbo za kuliza watu sitaki."

Tulikua. Mama alipolazwa hospitali, Elisante akaiuza fremu ya duka la mama pale Kariakoo bila kumwambia mtu. Mama alikuja kuzipata habari kwa wateja waliokwenda kumjulia hali. Tangu hapo mimi na Elisante hatusalimiani, na mpaka leo uso wa mama siku ile haunitoki.

Mama alipofariki, siku ya kumuaga, kabla ya safari ya kwenda kumzika Moshi, sote wawili tulikuja na tarumbeta. Nikajisemea, kwa ajili ya mama, leo tu. Nikaanza. Nikafika mahali Elisante anapotakiwa kuingia. Kimya. Alikuwa ameikumbatia tarumbeta yake, anatazama viatu. Nikarudia. Kimya.

Ndipo kwenye benchi la nyuma Mama Nilesh, mzee sasa, sauti imemkauka, akaitikia: "Ehe."

Nikashindwa kuendelea.

Jengo letu limevunjwa. Mahali pake limeota ghorofa lenye lifti, na watu wanapanda humo wakitazama simu zao. Mimi jioni nyingine naitoa tarumbeta, napiga upande wa mama, nafika pale pale na kunyamaza kidogo, nikisubiri. Mama alisema kweli. Ni wazimu.