Mashavu ya Radovan

Hapa mjini kwetu mtu hanunui penseli. Anayenunua ni mgeni, au ni mtu aliyegombana na ukoo wake mzima. Kila nyumba ina aliyewahi kufanya kazi kiwandani, na kila jikoni kuna chupa ya jemu iliyojaa penseli za rangi zisizo na muhuri: zilizopinda kidogo, zilizopakwa vibaya, zilizotupwa kando kabla hazijapigwa jina wala namba. Zilitoka langoni ndani ya soksi, ndani ya sidiria, ndani ya mkate uliopasuliwa katikati, na mlinzi alitazama pembeni maana naye kwake alikuwa na chupa. Tuliziita mabubu, kwa kuwa hazisemi zinaitwa nani.

Drahomíra Pešková alikuwa na chupa tatu za mabubu, na yeye kuliko watu wote alipaswa kuziogopa. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha jua, ghorofa ya juu kabisa ya kiwanda. Kazi yenyewe ni hii: kila rangi mpya inachorwa kwenye ukanda wa karatasi, nusu inafunikwa kadibodi nyeusi, nusu inaachwa dirishani ipigwe na jua miezi na miezi. Kadibodi ikiondolewa, ndipo ukweli unaonekana. Rangi za udongo hazitikisiki. Buluu nyingi zinavumilia. Lakini waridi na zambarau, jamani, hizo ni za kuogopwa: leo zinachekacheka, kesho kutwa zimekwenda zao, hata kwaheri hakuna. Drahomíra ndiye aliyekuwa akitoa nyota. Nyota tatu, penseli ya kudumu. Bila nyota, ya mtoto wa shule. Bubu je? Bubu halijulikani kitu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Radovan, nyumbani wakimwita Ráďa. Julai ya mwaka themanini na sita, akiwa na miaka ishirini, alishuka mtoni na wenzake kwa mtumbwi, kama vijana wetu wote wafanyavyo kila kiangazi, na mtumbwi ukapinduka kwenye ukuta unaozuia maji chini ya kinu cha zamani. Walimtoa kesho yake mchana. Drahomíra alimwona. Bohumír, mumewe, mtu wa reli, mwenye kifua kama mlango wa ghala, hakuthubutu. Alikaa kwenye benchi nje ya nyumba mpaka mambo yote yakaisha, na tangu siku ile hakuwahi kuuliza mtoto alionekanaje.

Baridi ya mwaka ule Drahomíra akamchora. Mkono wa kuchora anao tangu utotoni. Alimtaka Ráďa alivyokuwa akirudi kutoka kuteleza kwenye barafu, mashavu yamewaka, masikio yamewaka, anauliza chakula hata kabla hajavua viatu. Kwa kazi kama hiyo si angekwenda dukani akachukua penseli zenye nyota zake tatu, nyota alizozitoa mwenyewe? Hakwenda. Aliona haya. Mtu wa chumba cha jua asimame kwenye foleni kununua penseli, watu wangesemaje! Akamimina mabubu mezani, akachagua waridi moja kwa jicho tu, zuri kuliko yote, akajiambia jicho lake halijawahi kudanganywa. Upuuzi mtupu. Na alijua ni upuuzi huku mkono unachora, lakini mwenye msiba nani abishane naye.

"Mtundike pale mkabala na dirisha, mama," Bohumír alisema. Waliitana mama na baba tangu Radovan azaliwe, na hata alipokufa hawakuacha. "Ametoka kwenye maji yale meusi. Asikae gizani tena."

Basi akatundikwa juani. Kila asubuhi Bohumír akipita kwenda kuchemsha kahawa alisimama mbele ya picha akasema, "Umeamkaje, Ráďa?" kisha akaendelea na safari yake ya jikoni. Miaka ishirini na mmoja hakuruka hata siku moja. Katikati hapo serikali ilianguka, kiwanda kiliuzwa, Drahomíra akastaafu, na mwishowe daktari wa macho akamwambia bila kuzunguka kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia litafuata, mwaka mmoja, labda miwili akibahatika.

Ikaja Pasaka ya mwaka elfu mbili na nane, na dada yake Květa, aliyekuwa hajafika muda mrefu kwa sababu ya nyonga mbovu, akaja kutoka Moravia. Aliweka mkoba chini, akainua macho ukutani.

"Drahuš," alisema, kwa jina la utotoni, "kwa nini ulimchora vile?"

"Vile vipi?"

"Vile… kama mtu aliyetolewa mtoni."

"Una wazimu wewe. Vaa miwani."

"Nimevaa. Hebu njoo usimame hapa nilipo."

Drahomíra akaenda kusimama, akaona. Waridi lilikuwa limekwenda lote. Kabla ya kuweka waridi alikuwa ametandika kijani chembamba chini ya ngozi, ndivyo wachoraji wanavyofanya ili wekundu wa juu uonekane hai. Sasa kijani kilibaki peke yake, na buluu kidogo kuzunguka midomo. Ndiye yule aliyemwona kando ya mto siku ile, hakuzidi hakupungua. Na kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, mumewe alikuwa akimwamkia maiti.

Wakaifungua fremu wawili wao. Pale ukingo wa fremu ulipofunika karatasi, kwenye sikio, kulikuwa na ukanda mwembamba kama ukucha, bado wa waridi. Drahomíra akakaa sakafuni akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata mazikoni.

"Nitamchora tena," alisema alipopata pumzi. "Kabla jicho halijazima. Na usimwambie baba."

Bohumír akaambiwa kioo kimepasuka, picha iko kwa fundi wa fremu. Jumatatu yake Drahomíra alipiga moyo konde akaenda duka la karibu na kanisa. Ivona, mwenye duka, mama yake alifanya kazi idara ya kupaka rangi miaka yote ile.

"Bi Pešková! Umekuja kuuza au kununua?"

"Kununua."

"Masalale! Chupa zote zimekauka?"

Mzee Hlaváč aliyekuwa akichagua bahasha akaangua kicheko. "Kesho tutamkuta ananunua maji ya mto!" Halafu akakumbuka. Akaanza kupekua mifuko yake kama aliyepoteza funguo, akatoka bila bahasha.

Ivona, uso umemshuka, akaleta bati kubwa la rangi sabini na mbili. "Hizi ndizo za wachoraji wenyewe, bibi."

"Bati zuri. Nusu yake itakufa kabla yangu. Nipe moja moja."

Akazipitia na lenzi mkononi, moja baada ya nyingine, anasoma nyota, anasugua ncha kwenye karatasi, anainusa nta kwa mazoea. Akatenga waridi kumi na moja za viwanda mbalimbali, na nyekundu na za udongo juu yake.

"Nyota hizi siku hizi anatoa nani?"

"Mashine, nasikia."

"Mashine," Drahomíra alisema. "Haya. Nifungie, nitazipima mwenyewe."

Kuanzia Aprili dirisha la kusini lilijaa vikanda vya karatasi vyenye kadibodi nyeusi. Bohumír alinung'unika kwamba maua yake hayana pa kukaa na kwamba nyumba imekuwa kama kwa dobi. Kila wiki aliuliza, "Huyo fundi bado tu? Anatengeneza fremu au anajenga kanisa?" Na asubuhi, akipita, aliusalimia msumari uliobaki ukutani. Drahomíra alimsikia akiwa kitandani, akavuta shuka juu ya kichwa.

Septemba aliondoa kadibodi. Kati ya waridi kumi na moja, kumi zilikuwa zimepauka, nyingine zina nyota tatu zinameta ubavuni. Iliyosalia ilikuwa nzito, karibu rangi ya tofali. Waridi la mashavu ya Ráďa, lile lenyewe, halikuwemo miongoni mwa rangi zinazodumu. Angeweza kumchora sawasawa kwa penseli itakayomwacha tena, au kwa zile za kudumu ambazo si yeye. Alikaa na jambo hilo siku tatu, supu ya viazi inaungua jikoni.

Kisha akaanza. Tofali chini, nyepesi mno, hata karatasi isijue. Juu yake rangi ya udongo, juu yake nyeupe, kisha nyekundu iliyofifia, kisha nyeupe tena. Picha ya kamera waliyokuwa nayo haikumsaidia, ilikuwa ya miaka ile, imegeuka hudhurungi yote. Alichora kwa kumbukumbu, asubuhi tu, mpaka jicho linapoanza kutoa machozi saa sita. Mara mbili alikosea shavu akaanza upya. Katikati ya Novemba, siku moja saa tano hivi, aliondoa mkono kwenye karatasi na Ráďa akawa yupo, ametoka kwenye barafu, ana njaa. Drahomíra alicheka peke yake jikoni kama msichana.

Akaitia fremuni, akaitundika.

"Baba! Njoo, fundi amemaliza!"

Bohumír alikuja mbio na mswaki mkononi. Akasimama mahali pake, akafungua kinywa kusalimia, na salamu haikutoka.

"Nani huyu?"

"Acha utani, baba."

"Sina utani. Ni nani? Mjukuu wa Květa?"

"Ni Ráďa!"

"Ráďa mimi simjui? Ráďa alikuwa mweupe, mtulivu. Huyu uso mwekundu hivi, kama katoka baa."

"Katoka kwenye barafu! Mashavu yale, baba, umeyasahau? Akiingia mlangoni…"

Bohumír alitazama tena. Alijaribu kwa dhati, Drahomíra mwenyewe aliona jinsi alivyojitahidi, paji la uso limekunjamana. Akili zake zilikuwa timamu. Mafumbo ya gazeti alijaza kwa kalamu ya wino, na namba za treni za miaka ya sitini alikuwa nazo zote kichwani. Angekuwa amechanganyikiwa ingekuwa afadhali.

"Mimi namjua yule mwingine," alisema taratibu. "Huyo nimezungumza naye miaka yote. Nirudishie mtoto wangu, mama."

Maneno yalimfika Drahomíra kwenye ncha ya ulimi. Yule unayemtaka ndiye aliyelala kando ya mto, yule uliyekataa kwenda kumwona. Akamtazama mzee wake, na povu la dawa ya meno mdomoni, akaung'ata ulimi. Alikwenda chumbani akaitoa picha ya zamani chini ya kitanda.

Bohumír alifuta kioo kwa mkono wa pajama, akainyoosha ikakaa sawa. "Umeamkaje, Ráďa?" alisema. "Ulikaa sana kwa fundi."

Ile mpya Drahomíra aliifunga kwenye karatasi nyeupe, akaiweka kwenye droo ya chini, pamoja na mashuka ya wageni. Ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Weka juani miaka mia, haitabadilika. Alipokuwa anataka kusukuma droo akasita, akaitoa tena, akaifungua. Baba mzazi wa Ráďa alikuwa amemtazama usoni asimjue. Jicho hili moja likizima, hakutabaki mtu hata mmoja nyumba hii wa kumtambua kijana huyu.

Akaigeuza, akachukua penseli nyeusi ya kawaida, akaandika nyuma kwa herufi kubwa: RADOVAN. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza chini yake: Ni yeye.