Kopo Aliloonja Bilali

Nilikwenda Kigoma kwa arobaini ya mdogo wangu Hamisi, na tangu nirudi hapa Tabora majirani mnaniuliza habari za huko kwa kuzungukazunguka. Nawasimulia basi, mpumzike. Kilichonitoa nyumbani kabla ya siku ya kisomo ni simu ya mama. "Zuhura, njoo mapema," aliniambia. "Baba yako mdogo ameapa atasimama mbele ya watu siku ya arobaini, amtaje Bilali kuwa ndiye aliyemuua Hamisi." Baba yetu hayupo tena, na mimi ndiye mkubwa wa watoto.

Hamisi na Bilali walikuwa mafundi wa maboti ya mbao pale Kibirizi. Siku ile jua lilikuwa kali, mwenye boti alikuwa na haraka, na wao hawakuwa wametia kitu tumboni. Bilali alinunua enaji, hivi vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu. Alifungua kopo, akaonja, akampa mwenzake. Hamisi akalimaliza, akaongeza jingine. Bilali naye alikunywa kama yeye, akaendelea kupiga randa. Hamisi alisema moyo unamwenda mbio, akaketi kwenye maranda ya mbao, na hakuinuka tena. Daktari alimwambia mama kwamba huenda moyo wa mtoto wake ulikuwa na hitilafu ambayo hakuna aliyeijua, na vile vinywaji vikauchokoza. Baba mdogo hakutaka kuyasikia hayo. Kwake kopo lilifunguliwa na mkono wa Bilali, na yamekwisha.

Njiani kwenye treni, baada ya Kaliua, mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliyeketi mbele yangu alifungua kopo la namna ile ile. Nilitaka kumwambia aache, nikaona haya. Alilimaliza, akajifunika kitenge, akalala fofofo. Nilikitazama kifua chake kikipanda na kushuka mpaka tukapita Malagarasi. Nilimwonea wivu kwa ajili ya Hamisi, na mnaweza kunicheka kwa hilo.

Kigoma tuliingia asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Bilali alikuwa kituoni, amesimama mbali na watu wanaopokea wageni wao. Familia yake ilivuka kutoka Kongo enzi za babu yake, na Hamisi alikula kwao tangu utotoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umesimama huko?"

"Sikujua kama utataka nikubebee mzigo."

Nikampa begi. Tulitembea kidogo, kisha akasema, "Miye niliionja, dada. Kwetu humpi mtu kinywaji bila kuonja kwanza. Ingekuwa na sumu, ningeanza miye."

"Najua."

"Wanasema nikitajwa tu, nyumba yangu itachomwa. Watoto nimewapeleka kwa dada yangu Ilagala."

Alisema hayo bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyelia.

Nyumbani Kasingirima nilimkuta mama amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Hakunipa nafasi ya kupumzika. "Nenda Kalinzi kwa baba yako mdogo kabla hajashuka," alisema. "Akishafika hapa mbele ya watu, hatarudisha maneno. Unamjua."

Namjua. Baba mdogo ni mtu mwema mwenye kichwa cha jiwe. Nilipanda pikipiki siku ya pili yake, na kadiri tulivyopanda milima ndivyo baridi ilivyonipenya, mpaka nikajuta kuacha sweta. Nilimkuta uani anageuza kahawa yake iliyoanikwa.

"Mwakeye, mwana wanje," alinisalimu kwa Kiha, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Kama umetumwa, utume wako ukae nao. Uchungu ninao mimi."

"Shikamoo, baba. Na mimi ninao."

Alinikaribisha ndani. Nilimweleza maneno ya daktari, kwamba ndani ya enaji mna kitu kile kile kilichomo kwenye kahawa, na kwamba kuna miili isiyokiweza. Akacheka kicheko kikavu.

"Mimi nakunywa kahawa kikombe kizima, naenda kulala, nakoroma. Hamisi ni damu yangu. Bilali kanywa, mzima. Hamisi kanywa, amekufa. Kopo moja linachaguaje?"

Jibu nilikuwa nalo mwilini mwangu, ambalo yeye hakulijua kwa sababu niliolewa mbali mapema, na watu husema tu kwamba Zuhura anapenda chai ya tangawizi.

"Nipe hiyo kahawa yako," nikasema.

Alifurahi, maskini. Mkewe akaleta birika. Baba mdogo akamimina, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili. Ilikuwa kahawa nzuri kweli, nzito, inanukia. Nilikunywa nusu, nikakiweka chini, tukazungumzia mvua.

Haikuchukua muda. Viganja vililowa, kikafuata kile kichefuchefu ninachokijua, kisha moyo ukaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango kwa fujo. Nilipokiinua kikombe tena, kikagongana na kisahani mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka. Nakiri niliogopa, maana nilimkumbuka Hamisi.

"Una nini, mwanangu?"

Nikamnyooshea mkono. Akashika kifundo, akasikiliza kwa vidole vyake, na uso wake ukabadilika.

"Maji," alimwambia mkewe. "Lete maji upesi."

"Baba," nikamwambia, "umeionja wewe, ukanipa mimi. Nikifa hapa, mama aambiwe nani kaniua?"

Aliendelea kunishika mkono mpaka moyo ulipotulia. Mwishoni alisema tu, "Hamisi alikuwa anafanana na wewe kwa kila kitu." Halafu akafunika uso kwa kofia yake, akamlilia mtoto wa kaka yake.

Siku ya arobaini watu walijaa uani Kasingirima. Bilali aliketi karibu na mlango wa nje, pembeni yake patupu. Kisomo kilipokwisha, baba mdogo akasimama. Mama alinishika paja. Lakini mzee hakuhutubia. Alichukua birika na kikombe, akapita katikati ya watu mpaka kwa Bilali, akamimina.

"Onja, unipe," alimwambia.

Bilali akaonja. Akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Baba mdogo alikipokea, akanywa mpaka mwisho mbele ya watu wote, akaketi pale pale palipokuwa patupu.

Nilirudi Tabora kwa treni ile ile. Watoto wa Bilali walikuwa wamekwisharudi kutoka Ilagala, nao walikuja kituoni kuniaga pamoja na mama. Nilikwenda kupimwa, nikaambiwa moyo wangu ni mzima ila kahawa si kinywaji changu. Hamisi hakuwahi kuambiwa hivyo, na hilo bado linanichoma.

Anayeonja kwanza anakuonyesha moyo wake tu, wako haujui. Kwa hiyo mkija kwangu, nitamimina, nitaonja kidogo kama tulivyofundishwa, lakini kabla sijakukabidhi kikombe nitakuuliza, "Wewe unaiweza?" Usione nakunyima. Nijibu tu.