Siku Niliyoufagia Msitu

Aibu hii ninayo tangu kiangazi kilichopita, na kwa kuwa jirani yangu Kondo ameshaisimulia Kwa Mathias nzima, huko Kibaha anakopeleka abiria, kwa namna yake (na kwa namna yake mimi ni mjinga kuliko nilivyokuwa siku ile), bora niiandike mwenyewe, maana aibu ya mtu ikisimuliwa na jirani huota mkia.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nyumba yangu hapa Masaki ya Kisarawe, shamba la mikorosho na kipande cha msitu kilicho nyuma yake sikurithi wala sikupewa, nilivipata kwa mkaa, nachoma huku napeleka Kibaha kwa baiskeli mpaka miguu ikawa kama mti. Mkaa huohuo ukamsomesha binti yangu Zuhura mpaka chuo, akatoka huko akaja kuniambia nisichome tena. Sikubishana. Ukimsomesha mtoto halafu ukakataa anachokuambia, ada ulilipia nini?

Zuhura alipata kazi ya majaribio kwenye mradi wa kaboni. Nilivyoelewa mimi, miti inavuta hewa chafu na kuifungia mwilini, sasa kuna watu wa mbali wenye viwanda wanalipa ili miti ya wengine isikatwe, lakini kabla hawajalipa lazima msitu upimwe umebeba kiasi gani. Kijiji kilikubali, na sehemu mojawapo ya kupimia ikaangukia kwenye msitu wangu, ikawekewa vigingi vinne na utepe mwekundu. Zuhura ndiye angeongoza kazi, mkuu wake akimtazama, na baada ya hapo mkuu aamue: anaajiriwa au anarudi nyumbani.

Basi siku yenyewe, nilipomaliza kuswali alfajiri, nikaenda kukagua. Nikakuta majani makavu yanafika kwenye kifundo cha mguu, vijiti, magogo yaliyooza. Nikasema, wageni wa mwanangu wakanyage takataka? Sisi tumelelewa hivyo, ukisikia mgeni anakuja unashika ufagio kwanza, mengine baadaye.

Mke wangu akanikuta nimeshafika katikati.

“Baba Zuhura, msitu nao unafagiwa?”

“Wa kwangu unafagiwa.”

“Haya.” (Mke wangu akisema haya, ujue hajakubali.)

Nilifagia mpaka ardhi ikawa na mistari kama ua wa harusi, magogo nikayaburuta pembeni, takataka zote nikazirundika nje ya vigingi nikazitia kiberiti. Napiga mluzi, simu ikalia.

“Shikamoo baba. Tumeshapita Kisarawe mjini.”

“Marahaba mwanangu. Njooni, huku kunapendeza.”

“Kunapendeza nini? Baba, usiguse kitu humo. Hata jani lililoanguka tunalipima uzito. Yale yote ni kaboni.”

Nikautazama moto. Nikasema, “Sijagusa.”

Kufagia kulikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini hilo neno moja lilikuwa uongo, tena kwa mtoto wangu.

Nikamwagia moto maji, moshi ukapanda mara mbili. Nikamwita Kondo na bodaboda yake (mtu ambaye hawezi kuficha hata kikohozi chake, sijui nilikuwa nawaza nini), tukazoa majani kule shambani kwenye viroba, tukaja kuyamwaga kati ya vigingi kama mtu anayewamwagia kuku mtama.

Wageni wakafika, na nyuma yao nusu ya kijiji. Mkuu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani. Zuhura akaanza kueleza kazi, na sauti ilikuwa inamtetemeka kidogo, mimi namjua, ndivyo alivyotetemeka siku ya kwanza nilipomwacha mlangoni pa shule. Akaweka fremu yake ya mbao chini, akapiga magoti, akaokota majani. Akaacha kuokota. Akainua bibo moja lililokauka.

“Baba, haya ni majani ya mkorosho.”

“Eeh.”

“Humu hakuna mkorosho.”

“Upepo,” nikasema.

Kondo akadakia huko nyuma: “Upepo huo nimeubeba mimi, mzee! Tripu nne!”

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia miti. Yule mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Zuhura, na Zuhura ana kalamu mkononi, na mimi nikawa namwomba kwa macho aandike chochote, afunike tu.

Akainuka. “Mama, sehemu hii imevurugwa. Aliyeivuruga ni baba yangu. Naomba niandike hivyo, tukapime nyingine.” Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Nikavua kofia. “Ni kweli, mama. Nilifagia kwa sababu alikuwa anakuja mwanangu.”

Kicheko kikakatika. Yule mama akasema taratibu, “Miaka yote naingia misituni, mzee, leo ndiyo mara ya kwanza nafagiliwa.”

Walipokuwa wanaondoka kwenda Vihingo kupima kwingine, Zuhura akarudi peke yake, akanitoa jani begani.

“Baba, si ungeniuliza tu?”

“Nikuulize vipi, na wewe ndiye mgeni?”

Akaniegemea kifuani, na mimi nanuka moshi mtupu.

Aliajiriwa. Mkuu alimwambia ni kwa ule mstari aliouandika kwenye fomu, nikamwomba anisomee, akasoma: “Imefagiwa na mwenye msitu, baba wa mpimaji.” Nikamrudisha asome tena, mara mbili.

Majani yameanguka tena, mengi, nami siyagusi. Majuzi walipokuja kupima upya nilifagia ua, nikafagia mpaka chini ya mkorosho wa mwisho, hapo nikaulaza ufagio. Ng'ambo ya pale ni ofisini kwa mwanangu, na siku hizi naingia nikiwa nimebisha hodi.