Waya Mzima kwa Nje

Gari langu lilianza kukosa nguvu kwenye mlima wa kuingia Giakanja, ninakofundisha. Nikikanyaga mafuta, linatetemeka na taa ya injini inawaka. Nikalipeleka Nyeri kwa fundi aliyelihudumia miaka mingi. Akachomeka kompyuta yake, akasoma, akasema, "Mwalimu, shida ni umeme wa hii kifaa inaongoza valvu. Tuibadilishe."

Nilienda sokoni mara moja. Niliporudi, boneti ilikuwa imefungwa. Nikauliza kifaa cha zamani kiko wapi. Akaelekeza kidole kwenye pipa la vyuma chakavu, akaingia chini ya gari lingine. Sikwenda kutazama. Nilitabasamu, lakini moyo wangu ulikataa.

Siku ya tatu taa ikawaka tena, mlima ule ule. Nikampigia simu.

"Lete nikague waya," alisema.

Waya! Mbona hakuzitaja siku ile? Nikajiambia amekiosha kile cha zamani kwa petroli na kukirudisha. Nilikumbuka boneti ilivyofungwa upesi, hata alivyoepuka kunitazama. Jumapili, tulipotoka kanisani, niliwaambia wanawake wawili ambao pia ni wateja wake, "Huyo mwangalieni mikono."

Nikaenda Mweiga kwa mama mmoja anayetengeneza umeme wa magari. Sikumweleza kitu, nilitaka nimsikie mwenyewe. Nikasimama karibu naye hadi akaniomba nisogee nisimzibie mwanga. Alikitoa kile kifaa, akakigeuza kiganjani.

"Hii ni mpya kabisa," alisema.

"Una hakika?"

Akakiunganisha na betri, kikalia tak, tak. Kisha akashika mita, akapima waya za kwenye soketi. Umeme ulikuwepo. Akazitingisha kidogo, ukapotea. Akazifuata kwa vidole hadi nyuma ya injini zinapojikunja kwenye kibati, akapasua mpira wa mmoja kwa wembe. Nje ulikuwa mzima. Ndani shaba ilikuwa imekatika, ncha zikigusana na kuachana kila injini ilipotikisika.

"Huyo fundi wako hakukosea sana," alisema. "Kompyuta husema tu njia ya umeme iko na shida. Angepima waya kwanza, lakini kifaa aliweka."

Akaunga shaba upya, nikamlipa.

Niliwatafuta wale wanawake kwanza, nikayafuta maneno yangu. Mmoja alikuwa ameshahamia kwa fundi mwingine. Kisha nikaenda Nyeri, nikamwambia fundi yote, hata ya kanisani. Aliendelea kusugua mikono kwa sabuni ya unga.

"Nilisikia," alisema. "Ungeniuliza tu, Mwalimu. Ile pipa ilikuwa hapo."

Bado ananitengenezea gari. Ila siku hizi nikitaka kwenda sokoni ananizuia, ananiletea kiti, anakiweka mbele ya boneti iliyo wazi. "Kaa hapa uone," husema, na hafungui hata nati moja kabla sijaketi.