Skapulari ya Nyanya

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hapa Toronto, kazi yangu kila jioni ilikuwa kusimama nje ya mlango wa bafu nikiwa nimeshika skapulari ya nyanya yangu. Ni vipande viwili vya sufu ya kahawia vilivyounganishwa kwa kamba. Kimoja hukaa kifuani, kingine mgongoni. Nyanya alitoka Taveta kuja kunilea, kwa sababu Mama alikuwa muuguzi na zamu zake hazikuwa na huruma. Aliamini walivyoamini wazee wa kwao: afaye amevaa skapulari haonji moto wa milele. Aliivua wakati wa kuoga tu, isilowe, na hata hapo hakuthubutu kuiacha mbali.

"Nikianguka humu ndani," aliniambia kila siku, "nivishe kwanza, ndiyo upige simu. Umenisikia, mama?"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimesikia, macho yangu yakiwa kwenye televisheni.

Jehanamu aliijua kana kwamba aliwahi kuichungulia dirishani. Alinisimulia akimenya viazi: giza, kiu, na mlango ambao haufunguki tena. "Mungu hamtupi mtu," alisema. "Mtu hujitupa mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku." Wee! Nilikuwa nalala taa ikiwaka.

Mwaka huo nilikuwa najiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Wiki moja kabla ya kitubio changu cha kwanza, Nyanya alikuja kunichukua shuleni akiwa amejifunga leso juu ya koti la baridi, miguuni viatu vya theluji vya Mama vilivyomzidi. Rafiki zangu wakacheka. Mmoja akaniuliza huyo ni nani. Nikasema ni mama wa jirani tu, tunamlipa anitunze. Nyanya hakujua Kiingereza kingi, ila nyuso alizisoma vizuri. Tulirudi kwa basi mpaka mtaa wetu wa Jane na Finch, tukapanda lifti hadi ghorofa ya kumi na mbili.

Siku ya kuungama nilimwambia padri nimekula biskuti bila ruhusa. Ile ya Nyanya nikaimeza. Jumapili iliyofuata katekista akatufundisha kwamba anayeficha dhambi kwa makusudi kwenye kitubio anajiongezea dhambi nyingine, na akipokea Ekaristi katika hali hiyo, amekufuru. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamalizia. Jamani! Komunyo ilikuwa imebaki wiki moja. Niliogopa kurudi kwa padri, nikaogopa na kutorudi.

Ndiyo nikatafuta njia ya mkato. Jumatano jioni, Nyanya alipoingia kuoga, niliivaa skapulari yake ndani ya sweta. Sikuwa na nia ya kuiba, nilitaka kujua tu inakuwaje mtu akiwa salama. Nikapumua, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kisha nikasikia kishindo.

Alikuwa chini sakafuni, leso imemgandia mwilini, mdomo umekwenda upande. "Nivishe," akasema. Mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa shingoni, unatafuta. Mimi nimesimama. Nilichowaza wakati ule nakikumbuka neno kwa neno: nikimpa yeye, mimi nitaungua.

"Imepotea, Nyanya," nikasema.

Akanitazama. Kamba ilikuwa imejitokeza kwenye ukosi wa sweta. Aliiona, najua aliiona. Ule mkono ukaacha kutafuta, ukashika wangu. Ulimi ulikuwa mzito lakini nilimwelewa.

"Vaa tu, mjukuu wangu. Lakini kitambaa hakiungami. Kaungame wewe."

Nikapiga simu. Watu wa ambulensi walifika upesi, lakini alifariki njiani, kabla padri hajampaka mafuta ya wagonjwa.

Komunyo ile sikupokea. Nilisingizia tumbo, na Mama, aliyekuwa na msiba wake, hakubisha. Nilikua nikiamini kwamba nimempeleka nyanya yangu Jehanamu kwa mikono yangu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mpaka leo nikiwa naoga na kitu kikidondoka chumba cha pili, moyo hunilipuka.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipoyasema yote kwa padri. Akaniambia kwamba Kanisa halijawahi kufundisha kuwa kitambaa chenyewe humwokoa mtu. Ni alama ya ahadi ya kuishi kwa uaminifu, na Nyanya aliishika ahadi hiyo miaka yote, hata pale sakafuni aliponisamehe kabla sijaomba. "Usimwogopee yeye," akasema. Hakusema nisijiogopee mimi, nami sikumuuliza.

Naenda misa. Naungama, na sifichi. Watoto wangu nawafundisha kwamba Jehanamu ipo, maana naamini ipo, ila naona sauti yangu inapungua nikifika hapo. Nawaza yule msichana mlangoni. Hakukosa imani hata kidogo, aliamini kila neno aliloambiwa. Laiti angempenda nyanya yake nusu ya alivyouogopa moto, angemvisha.