Zamu ya Dirishani

Watu wa ofisini walimwita Mama Maua, ingawa ua hakuwa nalo hata moja. Alikuwa na majani. Kuna mmea mmoja uliowahi kuchanua kule chini alikokaa, mwaka ule walipohamia, na kwa jinsi ulivyonyauka baada ya hapo ni wazi kwamba ulijuta.

Alikuwa mfagizi wa jengo la ghorofa nne, na sehemu ya ujira wake ilikuwa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa, ngazi kumi na tisa kutoka mlango wa nyuma, mahali palipokuwa stoo ya makaratasi mpaka makaratasi yakaota koga. Kuta zilitoka jasho mvua na kiangazi. Kiberiti kilibembelezwa mara tatu ndipo kiwake. Kidirisha kilikuwa kimoja, juu karibu na dari, sawa na usawa wa barabara, na kilichoonekana humo zaidi ni viatu vya wapita njia.

Mtazamaji wa viatu alikuwa mumewe, Fundi. Miaka thelathini alikuwa seremala, na vumbi la mbao lilihamia kifuani mwake likakataa kuhama. Sasa kutwa alikaa kwenye kiti alichokiunda mwenyewe, na mkewe akishuka kutoka kazini humpa habari za barabarani.

"Karani wa viatu vyekundu leo kachelewa tena," Fundi alisema. "Na ile soli imelika upande mmoja. Siku moja atakuja kutuangukia hapa."

Mimea yote ilitoka juu. Wakubwa hununua mmea ukiwa unameremeta, wakausahau pembeni ya kabati, ukianza kunyauka wakautupa. Mama Maua akiukuta kwenye pipa la taka, anashuka nao. Ile ya mwanzo aliiua kwa mapenzi. Aliimwagilia kila asubuhi, kama alivyofunzwa na mama yake, mkulima wa juani, na mizizi ikaoza yote. Vyungu vinne vilikufa ndipo akaelewa kwamba kule chini kiu haiui, kinachoua ni maji. Tangu hapo hakugusa kopo kabla ya kuchomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili.

Likabaki suala la jua, na jua lilikuwa ghorofa ya tatu. Kwenye korido ya huko palikuwa na dirisha pana lenye kingo ya kuwekea vitu, na msimamizi wa jengo alimruhusu kuweka chungu kimoja tu.

"Kimoja, mama," alisema. "Hapa si shamba."

Vyungu vilikuwa sita, basi ikawa zamu. Kila Jumamosi mmoja ulipanda, mwingine ukashuka. Fundi aliandika orodha kwa chaki nyuma ya mlango, kwa mwandiko ule ule wa kupimia mbao: Mnyonge, Mvivu, Bibi Vidole, Pacha, Pacha wa Pili, Kiburi. Mmea ukishuka, Mama Maua alifuta jina lake juu na kuliandika chini.

Jumamosi moja alikuta jina la saba. Fundi.

"Huu nao mmea gani?" aliuliza.

"Mkavu," mumewe alijibu. "Huo haumwagiliwi. Unataka dirisha tu."

Walicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Subiri zamu yako, mume wangu," alimwambia akimpiga mgongo. "Hapa hakuna kuruka foleni."

Na alikusudia kweli kumpandisha. Jumapili ofisi hufungwa, korido huwa tupu, nani angeuliza? Ila Jumapili moja palikuwa na nguo za kufua, nyingine mgongo ulimuuma, nyingine kulikuwa na mawingu akaona heri angoje jua la maana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, methali hiyo aliijua, tena aliwaambia wengine vizuri sana. Na kila mmea ulioshuka, aliuandika chini ya ile mingine lakini juu ya Fundi, maana mtu si chungu. Hakufikiri kwamba kwa utaratibu huo, aliye wa mwisho hafiki kamwe.

Miguu ya Fundi ilipovimba, daktari alisema maneno machache. "Unyevu unammaliza. Mtoe hapo, apate jua."

Jumapili ile hakufua wala hakuuguza mgongo. Alimshika mumewe kiunoni wakaanza ngazi. Ya kwanza mpaka ya nne Fundi alitania. Kwenye ya saba alikaa. Mwanga wa mlangoni ulikuwa ukiishia ngazi ya kumi, wakautazama wote wawili.

"Turudi," alisema.

"Nitakubeba."

"Unibebe na nini, na mgongo huo?"

Mama Maua aliona haya, tena haya chungu. "Nisamehe, Fundi. Nilidhani unatania."

"Nilikuwa natania," alisema, akivuta pumzi. "Lakini nilitaka kwenda. Zamu yangu mpe Mnyonge."

Walipofika chini alifuta jina lake mwenyewe kwa kiganja. Mnyonge akakaa dirishani majuma mawili, akatoa jani jipya. Mama Maua alishuka nacho mbio chungu kile, akakiweka mapajani pa mumewe amwonyeshe. Fundi hakulitazama jani. Alikizungushia chungu viganja vyote viwili.

"Kina joto," alisema.

Alikishikilia hivyo mpaka kikapoa. Jumatano alikufa akiwa kitini, uso kidirishani.

Walimpandisha watu wanne, msimamizi wa jengo mmoja wao. Kwenye ngazi ya saba walipumzika kidogo kwa sababu pana kona. Walipotoka mlango wa nyuma ilikuwa adhuhuri na jua liliwaka hasa, nao wakaharakisha kuelekea kivulini, gari lilipowangoja.

"Simameni," Mama Maua alisema.

Wakasimama juani. Alilishika shuka pembeni, akalikunja taratibu mpaka kidevuni, uso wa mumewe ukabaki wazi.

"Mama, gari linasubiri," msimamizi alimwambia kwa upole.

"Lisubiri," alisema. "Hii zamu yake."